Ufadhili na Deni katika Utengano
Ni rahisi kuisoma Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed kama riwaya ya kuamsha huruma: Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi mwenye mali, anaporomoka hadi danguro la Mama Jeni mjini, nasi tunasikitika. Usomaji huo hautoshi. Maimuna aliye mgonjwa na hohehahe hapokewi na tajiri yeyote; anauguzwa na Bi Farashuu, kizee fukara ambaye, kwa kisasi chake dhidi ya Maksuudi, alikuwa na mkono katika kupotea kwake. Je, huo ni ufadhili? Kwa maoni yetu, ni deni linalolipwa. Wanafunzi wetu (nasi tuliowafundisha) hupenda kuhitimisha insha kwa kuwasihi matajiri watoe sadaka. Mwandishi hakuwapa matajiri hao nafasi yoyote katika kupona kwa Maimuna.