Rangi Ndani ya Nukta: Waridi la Redouté Lilivyochapwa

Sogeza kioo cha kukuzia juu ya petali ya waridi katika nakala halisi ya Les Roses. Hutaona mstari mweusi umeizunguka. Utaona nukta, ndogo kuliko punje ya ulezi, nazo zina wekundu wa ua lenyewe. Mkusanyaji asiyejua kusoma nukta hizo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kitabu hiki kilitoka Paris kati ya 1817 na 1824, juzuu tatu zenye picha 169, maelezo yakiandikwa na Claude-Antoine Thory. Pierre-Joseph Redouté alichora maua kwa rangi ya maji. Kuyahamishia kwenye mabamba ya shaba ilikuwa kazi ya mafundi wengine, akiwemo Langlois, ambaye jina lake linasomeka chini ya picha nyingi.

Vitabu vingi vya mimea vya zama hizo vilichongwa kwa mistari, vikachapwa kwa wino mweusi, kisha rangi ikapakwa juu kwa brashi. Jani gumu huvumilia njia hiyo. Petali haiivumilii, kwa kuwa ni laini na mwanga hupenya ndani yake. Kwa hiyo fundi alilitoboatoboa bamba: nukta zikisongamana, kivuli, zikitawanyika, mwanga. Kisha mchapaji alipaka wino wa rangi mbalimbali kwenye bamba hilo hilo moja, kijani kwenye majani, nyekundu kwenye ua, kwa vifundo vidogo vya kitambaa. Akaufuta uso wa shaba ili wino ubaki vishimoni, akalaza karatasi yenye unyevu, akaipitisha kwenye mashine. Ilitoka karatasi moja tu. Kwa ya pili alianza upya, rangi zote. Mwishoni brashi ilikamilisha palipopungua. Ndiyo maana nakala mbili za ua moja hutofautiana kidogo, na kwangu mchapaji huyu anastahili heshima sawa na mchoraji.

Ujuzi huo ndio kipimo chako sokoni. Chapa nyingi za kisasa nazo zina nukta, lakini zimejipanga kwa safu, na rangi chache zile zile zimechanganyika kila mahali, mara nyingine hata kwenye weupe wa karatasi. Katika chapa ya shaba, jani lina nukta za kijani, na pale kikonyo kinapokutana na ua rangi huingiliana kidogo, palipopita kitambaa. Mbonyeo wa ukingo wa bamba ni ushahidi mzuri pia, ingawa kukosekana kwake si hukumu: wajalidi wengi waliukata.

Kinachoniuma ni juzuu kuchanwa ili kila waridi liuzwe peke yake kwenye fremu. Picha ikitengwa hupoteza maelezo ya Thory na jirani zake, na ikitundikwa juani rangi hupauka. Ukibahatika kupata juzuu nzima, hata yenye jalada bovu, mpelekee mjalidi. Usimpelekee mtengeneza fremu.