Moyo wa Hesabu na Moyo wa Mtu

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo wetu, kabla ya kupelekwa shuleni kwa mazoezi, walifundisha kwanza mbele ya wenzao waliojifanya watoto wa darasa la tatu. Watoto hao wa bandia walielewa kila kitu. Wiki iliyofuata mwanachuo alisimama mbele ya watoto tisini wa kweli, akarudi ofisini kwangu jasho likimtoka.

Nimeyakumbuka hayo, ndugu msomaji, niliposoma habari za moyo unaoundwa ndani ya kompyuta. Kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1960 Denis Noble wa Uingereza alikwishaandika hesabu za umeme wa chembe moja ya moyo. Siku hizi wataalamu huchukua picha na vipimo vya mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, wakamtengenezea moyo wa hesabu, na humo wakajaribu mahali pa kupachika nyaya za betri ya moyo, ile inayozifanya pande mbili za moyo zipige pamoja. Sababu yao ni nzito: takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wanaowekewa kifaa hicho hapati nafuu iliyotarajiwa. Mtu apasuliwe, agharamike, kisha miguu iendelee kuvimba! Afadhali kukosea ndani ya kompyuta.

Ninalolilaumu ni jingine. Watetezi husema picha ni ya mgonjwa mwenyewe. Kweli, lakini ugumu wa msuli na mwendo wa umeme ndani yake havipimiki vyote, na pengo huzibwa kwa makadirio yaliyotoka kwa wengine. Wengine gani? Ulaya wagonjwa hawa wengi ni wazee wa miaka sabini na kuendelea. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wastani wa miaka 55, na chanzo kikubwa ni presha. Huyo ni mtu ambaye bado analipa ada za watoto.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Mpanda. Mimi nami nina presha. Vipimo vyangu vya miaka yote vimo katika daftari ninalokwenda nalo kliniki na kurudi nalo nyumbani, na hakuna kompyuta iliyopata kuliona.