Uchungu wa Mwandishi na Kazi ya Riwaya

Katika mafunzo ya fasihi tumezoea kuuliza jinsi mwandishi alivyofaulu kifani na kimaudhui. Ni mara chache tunapouliza kazi hiyo ilimgharimu nini yeye mwenyewe. Hapa Rwanda, ambako wengi wa watakaoshika kalamu wamerithi habari nzito za koo zao, swali hili ni la ufundi hasa. Mtu aliyeumia atawezaje kubuni hadithi juu ya jambo lililomuumiza, asiishie katika kilio wala katika mahubiri?

Mfano ulio karibu nasi ni Scholastique Mukasonga. Alizaliwa mwaka 1956 katika mkoa wa Gikongoro. Mwaka 1960 familia yake ilihamishwa kwa nguvu hadi Nyamata, na mwaka 1973 yeye akakimbilia Burundi. Tangu 1992 makazi yake yamekuwa Ufaransa, ambako alifanya kazi ya ustawi wa jamii. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 alipoteza jamaa zake 37.

Yafaa tuutazame mfuatano wa vitabu vyake. Kile cha kwanza, Inyenzi ou les Cafards, kilitoka mwaka 2006, miaka 12 baada ya msiba. Mwaka 2008 kilifuata La femme aux pieds nus, juu ya mama yake, Stefania. Katika vitabu hivyo viwili mwandishi anasema “mimi”, na watu anaowataja ni watu wake. Mwaka 2010 alitoa hadithi fupi, na mwaka 2012 ndipo ilipotokea riwaya yake ya kwanza, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa. Naona maana katika mfuatano huo. Wafu walistahili kwanza kutajwa kwa majina yao. Deni hilo lilipolipwa, ndipo kalamu ilipopata uhuru wa kubuni watu wengine.

Riwaya hiyo inasimulia habari za shule ya wasichana iliyo juu milimani, karibu na chimbuko la Nili, miaka michache ya mwanzo ya 1970. Mhusika wa kukumbukwa ni Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama tawala. Anaiona pua ya sanamu ya Bikira Maria kuwa ni pua ya Kitutsi, akaazimia kuivunja na kuibadili. Ili kuficha alivyochafuka na kuchelewa, anazua uongo kwamba ameshambuliwa na majambazi. Uongo huo unaleta askari, na mwishowe damu inamwagika.

Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Mwandishi aliyefiwa na watu 37 amelazimika kuketi na Gloriosa, kumpa sauti, ujanja na hata uchekeshaji, mpaka tumwone kuwa ni msichana wa shule kama wanafunzi wetu. Lau angalimchora kama zimwi, msomaji angalimchukia kisha akamsahau. Kwa kuwa ni mtu, tunatishika. Wako wasomaji watakaoudhika kwa utulivu wa msimulizi, wakidhani ni ubaridi wa moyo. Kwa maoni yangu utulivu huo ndio uchungu uliokwisha kufanyiwa kazi.

Riwaya hii haikosi dosari. Fontenaille, mzungu mzee anayewaota Watutsi kuwa wana wa Mafarao, mara nyingine anasema kama fikra inayofafanuliwa, si kama mtu. Aidha sura kadhaa zasimama peke yake kama hadithi fupi, na mkondo wa riwaya unalegea.

Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alilipa gharama ya namna nyingine. Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa kwa muda isisomwe shuleni, ingawa baadaye ilifundishwa. Naye pia hakukubali kumfanya Zakaria, baba mkali na mlevi, kuwa shetani mtupu. Mwandishi asiyemhukumu mhusika wake upesi hujitia yeye mwenyewe katika hatari ya kuhukumiwa.

Sisi walimu yatupasa kujitazama. Zoezi letu mashuhuri la kumwambia mwanafunzi atunge kisa cha kuthibitisha methali humpa hukumu kabla hajapata mtu wa kumhukumu. Hapa Nyamyumba, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambako wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, tungeweza kumwambia: simulia usiku wa dhoruba kwa macho ya mvuvi aliyerudi, wala usituambie nani mwenye kosa.

Tena, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini kwa wengi wa wanafunzi wetu si lugha ya kilio cha nyumbani. Twaweza kuuona huo kuwa upungufu. Lakini Mukasonga aliandika kwa Kifaransa, wala si kwa Kinyarwanda cha mama yake, na uchungu haukupotea njiani. Huenda lugha ya pili ikampa kijana nafasi ya kupumua, aseme lile ambalo kwa lugha ya kwanza humkaba koo. Tusiharakishe basi kumsahihishia sarufi katika ukurasa wa namna hiyo. Tuusome kwanza hadi mwisho.