Kuacha na Kutelekeza: Kigango cha Wamijikenda Machoni pa Mhakiki

Mwanafunzi wa Kampala anayejifunza kuhakiki sanamu huanzia Mnara wa Uhuru. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere, aliutengeneza kwa ajili ya uhuru wa 1962: mama aliyeviringishiwa vitambaa mwilini anamwinua mtoto juu. Maswali tuliyofundishwa yanaufaa mnara huo. Msanii ni nani? Ishara zake ni zipi? Utadumu vipi? Ni wa saruji, kwa hiyo hata swali la tatu lina jibu. Ninachodai ni kwamba maswali hayohayo yanatupotosha tukivuka mpaka kwenda pwani ya Kenya kukitazama kigango, na kwamba upotofu huo umewaumiza watu.

Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu unaosimamishwa nje, bomani, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao Wamijikenda. Kichwa huwa bapa na cha duara kama sahani, au kimechongwa kwa macho na pua. Mikono hakina, miguu hakina. Kiwiliwili kimejaa pembetatu ndogo zilizochimbwa kwa ncha ya kisu, safu juu ya safu, nyingine zimetiwa rangi. Vipande vya nguo hufungwa juu yake.

Wanaokiona pichani tu husifu wepesi wa umbo lake, kana kwamba mchongaji alikuwa akishindana na wasanii wa kisasa wa Ulaya. Sifa hiyo naiona ya juujuu. Uso hauna haja ya kufanana na marehemu, kwa sababu wenye boma wanamjua: wanamjua kwa mahali aliposimama, kwa waliosimama kando yake, kwa pombe ya mnazi anayomwagiwa. Utambulisho ambao Maloba aliupa mwili wa yule mama, hapa umo katika uwanja. Ukiuondoa uwanja, unabaki na ubao wenye pembetatu, mzuri lakini bubu.

Ndiyo maana naiita kazi ya jamii ingawa anayeshika kisu huenda ni mtu mmoja. Marehemu humjia jamaa yake ndotoni, au maradhi huingia nyumbani, ikajulikana kwamba anadai kigango. Familia hugharamia, wazee wa Gohu husimamia, watu hula na kunywa. Swali la "msanii ni nani" hapo lina majibu mengi mno.

Kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki, na huko waendako wazee wao husimamishiwa vibao vidogo. Jua, mvua na mchwa hufanya kazi yao polepole. Msomaji wa Kampala atakumbuka Kasubi, ambako paa la nyasi la makaburi ya Kabaka hubadilishwa kwa mikono ya ukoo wa Ngeye, na ambako baada ya moto wa 2010 nyumba ilijengwa upya. Kule kumbukumbu hutunzwa kwa kurudia kazi papo hapo. Kwa Wamijikenda kumbukumbu huhamia katika kibao, na ubao wa kwanza huachwa.

Huachwa: neno hilo ndilo lenye mgogoro. Vigango vilipoanza kutafutwa na wafanyabiashara, mamia yakaishia Marekani, utetezi mmojawapo ulikuwa kwamba vilitelekezwa na wenyewe. Kiswahili hakituruhusu kuchanganya hivyo. Kutelekeza ni kukwepa wajibu. Kuacha kuna mawanda mapana zaidi. Katika tangazo la kifo husemwa kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watano, na hakuna anayedhani kwamba watoto hao sasa ni wa atakayewahi kuwachukua. Kigango kimeachwa kwa maana hiyo hasa.

Tena vingi havikuwa hata vimeachwa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu viliibwa. Kimoja kilipatikana katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Illinois State, kingine katika cha Hampton. Vilirudishwa Kenya baada ya zaidi ya miaka 20, mzee keshafariki. Bila picha ile ushahidi ungetoka wapi? Hapo nakubali kwamba picha, niliyoilaumu hapo juu, ina faida yake, lakini angalau hiyo ilipigwa uwanjani, na mwenye boma akiwemo.

Vingine havina picha. Makumbusho ya Denver yaliamua 2014 kurudisha vigango 30, vikafika Kenya 2019, na hakuna aliyeweza kusema kila kimoja kiling'olewa boma gani. Hivi haviwezi kusimamishwa popote tu, kwani kumsimamisha mzee wa watu katika uwanja usio wake ni kosa jipya. Makumbusho yatalazimika kuvitunza. Ningeomba tu kwamba pale kwenye kibandiko, ambapo tumezoea kusoma "msanii hajulikani", paandikwe "boma halijulikani", na chini yake iachwe nafasi ya jina la marehemu.