Nzi Hazoei Dawa: Uhakiki wa Istilahi ya Usugu

Katika maandishi ya ufugaji na tafsiri za maelezo ya viuadudu, dhana moja hupewa majina matatu: nzi "wamezoea dawa", nzi "wana kinga", na nzi "wamejenga usugu". Mfasiri aweza kudhani kwamba tofauti hizo ni za ladha ya lugha tu. Sivyo. Kila jina lina mafundisho yake, na mfugaji hutenda kwa kufuata jina alilopewa.

Tuanze na dhana yenyewe. DDT iliposhindwa kuwaua nzi wa nyumbani nchini Uswidi mwaka 1946, na muda mfupi baadaye katika mashamba ya mifugo ya Denmark, hakuna nzi aliyekuwa ameizoea. Katika kundi kubwa walikuwamo tayari wachache wenye urithi tofauti: baadhi yao vimeng'enya vyao huivunja sumu, na wengine neva zao zina umbo ambalo sumu haishiki vema. Dawa iliwaua wenzao. Hao wachache wakabaki, wakazaana. Penye joto la kutosha yai huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo kundi zima hugeuka upesi.

Sasa tuyapime majina hayo. "Kuzoea" ni jambo la kiumbe mmoja katika maisha yake, kama mlevi azoeavyo pombe. Mfugaji aambiwapo kwamba nzi wamezoea, huongeza kipimo. Na kwa kufanya hivyo huzidi kuwaondoa walio dhaifu na kuwaachia zizi walio sugu. "Kinga" nayo ina kazi yake katika utabibu: ni ulinzi wa mwili dhidi ya maradhi. Nzi hakuugua wala hakuchanjwa.

"Usugu" ndilo neno lifaalo, nalo limekwisha kukubalika katika maandishi ya tiba kuhusu vimelea. Hata hivyo, matumizi yake yana kasoro mbili. Kwanza, "usugu wa dawa" hutatanisha, kwani msomaji aweza kudhani kwamba dawa ndiyo iliyo sugu. Yafaa iandikwe "usugu wa nzi dhidi ya dawa". Pili, "kujenga usugu" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, nayo humfanya nzi kuwa fundi aliyekusudia kazi yake. Afadhali tuseme kwamba usugu "umeenea katika kundi".

Lipo pia suala la "kubadili dawa". Badiliko lile lile la neva limwokoalo nzi na DDT hupunguza pia nguvu za dawa za jamii ya pairethroidi. Hali hii twaweza kuiita "usugu mtambuka". Mfugaji anunuaye chupa ya jina jingine yenye dawa ya jamii ile ile hajabadili kitu. Hatuna budi basi kuandika "kubadili jamii ya dawa", na jina la jamii hiyo lionekane wazi kwenye maelezo.

Istilahi njema haimalizi nzi. Lakini mfugaji aelewaye kwamba kila upuliziaji huchagua wazazi wa kizazi kijacho, ataondoa samadi zizini mapema, wanamozaliana nzi wote, walio sugu na wasio sugu, na ataihifadhi dawa kwa siku ya haja.