Heko kwa mama wa tasnifu

Mama wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, anayeandika tasnifu ya udaktari namvulia kofia. Chuo Kikuu cha Goma hakiko mlangoni pake. Barabara ni tope, na vita vimewahamisha watu mara nyingi mno. Mtoto anataka kunyonya, wakwe wanauliza masomo yataisha lini, umeme ukikatika kitabu kinafungwa.

Sheria nayo ilimbana. Chini ya Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, mke alihitaji idhini ya mume ili kufanya tendo la kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Naona aibu kuliandika.

Hata hivyo njia ilikwisha kufunguliwa. Sophie Kanza, Mkongo wa kwanza wa kike kupata digrii ya chuo kikuu, alihitimu Lovanium mwaka 1964. Wangari Maathai alipopata udaktari Nairobi mwaka 1971, tayari alikuwa mama.

Pongezi hizi ni za bibi na dada pia, wanaombeba mtoto mgongoni mama akitetea tasnifu yake. Ukurasa wa shukrani uanze na wao, kabla ya maprofesa.