Kofia ya Chuma ya Karatasi: Wakaliga na Swali la Vifaa vya Uigizaji

Muhula uliopita wanafunzi wa mwaka wa pili waliamua kuigiza sehemu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Siku nne kabla ya onyesho walinijia ofisini na kitu kimefungwa ndani ya kaveera nyeusi. Walipokifungua, nilikuta kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani, ile yenye ukingo unaoshuka hadi masikioni. Niliipokea kwa mikono miwili, nikitarajia uzito, nusura niirushe juu. Ilikuwa karatasi tupu.

Namna walivyoitengeneza inafaa kuelezwa, maana darasa lijalo litaihitaji. Walipindua beseni dogo la plastiki, wakalipaka mafuta ya kupikia ili karatasi zisigande, kisha wakabandika vipande vya gazeti la Bukedde kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Tabaka la kwanza likikauka, la pili. Walifika matabaka manane. Mvua ya Kampala iliwarudisha nyuma mara mbili, na tabaka la tano lilipata ukungu ikabidi livuliwe. Ukingo waliutengeneza kwa boksi gumu, wakaushona kwa uzi, wakafunika mshono kwa karatasi zaidi. Wakapiga msasa, wakajaza mashimo kwa puti, wakapiga msasa tena, wakapuliza rangi nyeusi na juu yake rangi ya fedha. Mwisho, na hapa ndipo nilipowavulia kofia yangu mwenyewe, waliisugua kwa mkaa na kuibonyeza upande mmoja, ionekane imeshaona vita.

Niliwaambia kazi ni nzuri lakini kofia ni ya uongo. Kofia ya namna ile ilianza kugawiwa askari wa Ujerumani mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907. Aidha, askari Waafrika wa jeshi la mkoloni walivaa kofia za kitambaa, na maafisa wao wazungu walivaa helmeti za jua. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kunyamaza, akauliza: "Mwalimu, mbona watu wa Wakaliga hawaulizwi mambo hayo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu la polepole.

Kwa wasomaji walio nje ya Kampala: Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato cha chini katika tarafa ya Rubaga. Humo Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Filamu yake inayojulikana zaidi, Who Killed Captain Alex?, ilitoka mwaka 2010. Gharama yake, inasemwa mara nyingi, haikuzidi dola 200. Ni hadithi ya kapteni wa jeshi anayepambana na genge la Tiger Mafia, anauawa, na nduguye Bruce U, bingwa wa kung fu, anaingia kutafuta aliyemuua. Filamu inakwisha bila kutuambia. Mhakiki mwenye haraka ataita hilo kasoro ya msuko. Mimi naona kwamba swali la kichwa cha filamu lilikuwa kisingizio tangu mwanzo. Kinachosimuliwa pale ni furaha ya kupigana kwa kuigiza.

Vifaa vya kupigana huko ni kazi ya Dauda Bisaso, ambaye pia huigiza. Bunduki kubwa zimeungwa kwa chuma chakavu na mbao, na baadaye ikaja helikopta nzima ya vyuma iliyojengwa pale pale uani. Moto wa mitutu na milipuko huongezwa kwa kompyuta. Katika Captain Alex helikopta inayolipua majengo ya Kampala ni picha ya kompyuta tu, na nakiri kuwa ndiyo sehemu inayonichosha. Inapita juu ya mji kama nzi juu ya sinia, haina uzito. Linganisha na mwigizaji aliyebeba bunduki ya Dauda: bega limeshuka, jasho ni la kweli, mguu unatafuta pa kukanyaga. Mwili wake unaamini kile chuma, nasi tunauamini mwili. Kiungo cha kuchomelea kinaonekana wazi, hakuna aliyekificha kwa puti, na hakuna kinachopungua.

Hapa tatizo la istilahi linajitokeza. Katika masomo ya fasihi simulizi tunafundisha maleba, yaani mavazi maalumu ya fanani, na katika tamthilia tunazungumzia vifaa vya jukwaani. Kofia iko wapi? Inavaliwa, kwa hiyo ni maleba. Lakini ikivuliwa na kuwekwa juu ya kaburi la mwenye nayo inakuwa kifaa, na kifaa kinachosema kuliko mwigizaji. Wanafunzi wangu huandika "maleba" kwa kila kitu kisicho mtu, nami huwakata alama. Huenda nimekuwa mkali kupita kiasi.

Turudi kwenye swali la uhalisi. Wakaliga wana kisa kinachofaa kusimuliwa katika kila darasa la uigizaji. Mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja akaugua, wakaiacha, wakahamia rangi nyekundu ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu zinazopasuka kifuani kwa wakati wake. Kitu halisi kilileta maradhi, na kile cha kuigiza kikafanya kazi vizuri zaidi mbele ya kamera. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na hoja: si lazima kifaa kiwe sawasawa na kile cha kweli.

Hata hivyo hoja yake haimfikishi alikotaka, na sababu iko katika malezi ya Nabwana mwenyewe. Utotoni hakuingia sinema. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda kutazama filamu za kigeni, kisha akirudi nyumbani anamsimulia. Mtoto akazijenga kichwani kwa maneno. Filamu za Wakaliga basi zina asili ya simulizi: bunduki zake ni bunduki za ngano, kubwa jinsi msimuliaji anavyotanua mikono. Hadhira haitarajii uhalisi kwa sababu hakuna aliyeuahidi. Kinjeketile ni mkataba mwingine. Mtunzi amechukua tukio la kihistoria, na ingawa amejipa uhuru wa kisanii, onyesho lenyewe linawauliza watazamaji maji yanaweza nini mbele ya risasi. Askari wa 1905 akivaa kofia ya 1916, mtazamaji anayejua ataanza kucheka mahali ambapo anatakiwa kuogopa. Asiyejua atarudi nyumbani akiamini kuwa vita vyote vya Mjerumani vilikuwa kimoja, vile vya kwenye filamu za Marekani.

Na kucheka ndilo jambo linalonisumbua zaidi kuhusu Wakaliga. Filamu hizi zilisambaa kwa njia ya intaneti, zikapata wapenzi mbali: Bad Black ya mwaka 2016 ilipendwa na watazamaji wa tamasha la Fantastic Fest kule Texas, na Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019. Wengi wa watazamaji hao wanazipenda kwa dhati. Wapo pia wanaocheka umaskini, wanaoona bunduki ya vyuma chakavu na kusema maskini hawa. Tofauti ya vicheko hivi viwili husimamiwa na mtu mmoja, VJ Emmie, ambaye sauti yake inapita juu ya filamu nzima, akisifu, akitania, akichochea. Anacheka kabla ya mgeni hajawahi. Hapo mgeni anacheka kwa mwaliko, tena kwa masharti ya mwenye nyumba.

Sanaa hiyo ni ya vibanda vya video vya Kampala, ambavyo Waganda huviita bibanda. Jirani zetu Watanzania wana vibanda umiza, walikuwa na Lufufu, na Wakenya wana DJ Afro, ambao walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka baadhi ya watazamaji wakazihesabu kuwa zao. Ni ajabu kwamba silabasi zetu zina nafasi ya mtambaji aliyekaa penye moto lakini hazina nafasi ya huyu aliyekaa penye kipaza sauti. Mwenzangu mmoja idarani anashikilia kwamba filamu ya Kiganda si kazi ya jarida la Kiswahili. Namheshimu, ila sikubaliani naye. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda inatambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tukingoja mpaka filamu za Kampala zizungumze Kiswahili ndipo tuzihakiki, tutakuwa tunahakiki vitabu vya kiada peke yake.

Kuna huzuni moja ambayo lazima itajwe. Captain Alex isiyo na sauti ya VJ haipo tena. Kompyuta haikuwa na nafasi, ikabidi filamu ifutwe ili inayofuata ihaririwe. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye masimulizi juu yake. Mhakiki anayetaka kupima uigizaji na mazungumzo yenyewe anapima kilichochujwa na sauti ya mtu mwingine. Chuma chakavu cha Dauda kimeonekana kuwa kumbukumbu imara kuliko faili.

Onyesho letu lilifanyika. Wanafunzi waliitoa ile kofia, wakamvika afisa helmeti ya jua waliyoitengeneza kwa usiku mmoja juu ya bakuli, kwa boksi na kitambaa cheupe kutoka Owino. Ilikuwa mbaya kwa macho, mishono nje, hakuna msasa uliopita. Afisa alipoingia nayo, ukumbi ulinyamaza.

Ile ya karatasi iko juu ya kabati la idara. Anayeihitaji kwa mchezo wa baada ya 1916 aandike jina lake daftarini, na asiiache kwenye mvua.